Uzi: Boksi jipya la fyuzi kwenye Land Rover 109 ya zamani, na kwa nini kazi haianzii kwenye boksi

MLETA UZI

Wakuu, habari za majukumu. Tangu tamasha la Land Rover lililofanyika Arusha Oktoba 2024, wadau wengi waliokuwa na gari zilizofunikwa turubai uani wamekuwa wakiuliza ni boksi gani la fyuzi la kisasa linalofaa kwa Land Rover za Series, yaani zile za zamani zilizotangulia Defender. Nitaeleza namna kazi hiyo ilivyofanyika kwenye 109 Series IIA (109 ni inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma) yenye injini ya petroli ya lita 2.25, na ninatanguliza msimamo wangu ili mwenye kupinga apate pa kuanzia: ukinunua boksi lenye nafasi kumi na mbili kisha ukalilisha kwa nyaya zilezile mbili zilizokuwa zikilisha boksi la zamani, umebadilisha sura ya gari na kuacha hatari ilivyokuwa.

Sababu yake ni kwamba fyuzi huwekwa kwa ajili ya kulinda waya. Waipa au honi ikiungua, hasara ni ya kifaa kimoja. Lakini waya ukipiga shoti kwenye bodi na ukakosa fyuzi ya kuukata, ganda lake la plastiki huyeyuka, huyeyusha na nyaya jirani zilizofungwa nao pamoja, na moto huanza nyuma ya deshibodi mahali ambapo huoni wala hufikii. Kwa hiyo swali la kwanza la kujiuliza ni hili: ni waya gani kwenye gari hili hauna fyuzi kabisa? Kwenye Series IIA, zilizotengenezwa kuanzia 1961 hadi 1971, jibu lake linatisha kidogo. Kiwanda kiliweka fyuzi mbili tu za kioo. Moja, kati ya alama A1 na A2, inapokea umeme wa moja kwa moja wa betri, na nyingine, kati ya A3 na A4, inapokea umeme unaopita kwenye swichi ya funguo na kulisha waipa, indiketa, taa za breki na geji. Taa kubwa za mbele, ambazo ndizo zinazokula umeme mwingi kuliko kitu chochote isipokuwa stata, hazipiti kwenye fyuzi yoyote.

Hapo ndipo rangi za Lucas, kampuni ya Uingereza iliyotengeneza vifaa vya umeme vya gari hizi, zinaposaidia, na ninamshauri kila mwenye gari la Kiingereza la miaka hiyo azijue kabla ya kushika koleo. Waya wa kahawia unatoka betri na hauna fyuzi. Mweupe unatoka swichi ya funguo, nao hauna fyuzi. Kijani ni ule mweupe baada ya kupita kwenye fyuzi, na zambarau ni ule wa kahawia baada ya kupita kwenye fyuzi. Mwekundu ni wa taa ndogo na za nyuma, wa bluu ni wa taa kubwa, bluu wenye mstari mweupe ni taa kali na bluu wenye mstari mwekundu ni dimu, yaani taa za mwanga ulioinamishwa. Mweusi ni ethi, yaani njia ya umeme kurudi betri kupitia bodi. Mkiona kahawia na bluu mnajua kwamba mnatazama nyaya zisizo na mlinzi. Bila shaka baada ya miaka hamsini ya mafundi wa barabarani kila rangi inaweza kuwa imeungwa na rangi nyingine, kwa hiyo thibitisheni kwa testa, msiamini macho.

Kabla ya kununua chochote, pimeni. Chukueni mita, iwekeni kwenye volti 20 za mkondo mnyoofu, washeni taa kali injini ikiwa imezimwa, halafu gusisheni ncha moja kwenye chanya ya betri na nyingine kwenye teminali ya chanya nyuma ya taa yenyewe. Kinachoonekana kwenye mita ni umeme uliopotelea njiani. Rudieni kwa upande wa hasi: ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye ethi ya taa. Kwenye gari hili upande wa chanya ulikuwa unapoteza volti 1.1 na upande wa ethi volti 0.6, jumla volti 1.7 kutoka kwenye betri iliyosoma 12.3. Mwanga wa balbu ya waya hupungua kwa kasi kubwa kuliko volti zinavyopungua: ukipoteza asilimia kumi ya volti, unapoteza takriban asilimia thelathini ya mwanga. Kwa upotevu huo wa volti 1.7, taa zilikuwa zinatoa mwanga pungufu kwa karibu sehemu mbili kati ya tano. Wengi wakifika hapa hununua balbu kali zaidi, na balbu kali zaidi huvuta ampia nyingi zaidi kwenye waya uleule uliochoka, ambao sasa unachemka.

Mjue pia umeme huo unapita wapi. Unatoka betri, unapita kwenye ampmita ya deshibodi, unakwenda kwenye swichi ya taa, unashuka hadi kwenye swichi ya dimu ya kukanyaga sakafuni, ambako matope na maji ya viatu vimekuwa vikiingia tangu enzi hizo, kisha unatoka mbele kupitia viungio vya duara vilivyovikwa mpira mweusi, na ndipo unafika kwenye taa. Kila kituo katika safari hiyo kinakula sehemu yake.

Kazi ya kwanza ikawa ethi, kwa sababu ni rahisi na haihitaji pesa nyingi. Bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu na chasisi ni ya chuma, na metali hizo mbili zikigusana mahali penye unyevu huliana taratibu, hivyo ethi inayotegemea parafujo ya bawa la mbele (bodi inayofunika gurudumu) haidumu. Kila taa ilipewa waya wake mweusi hadi kwenye bolti moja kwenye ukuta wa chuma unaotenganisha injini na abiria, pakakwanguliwa rangi mpaka chuma king'ae, pakapakwa grisi baada ya kukazwa, na kutoka bolti hiyo ukapita waya mmoja mnene wa milimita za mraba 10 hadi hasi ya betri. Volti 0.6 zilishuka hadi 0.05 kabla boksi jipya halijatolewa kwenye karatasi yake.

Kazi ya pili ni rilei. Rilei ni swichi inayowashwa na umeme mdogo ili ipitishe umeme mkubwa, na faida yake hapa ni kwamba swichi ya zamani ya deshibodi na ile ya kukanyaga zinabaki kazini, lakini badala ya kupitisha ampia kumi zinapitisha chini ya nusu ya ampia. Namba za miguu yake ni zilezile karibu dunia nzima: 30 ni umeme unaoingia, 87 ni unaotoka, 85 na 86 ni za koili, sumaku ya umeme inayoiwasha. Waya wa zamani wa bluu na nyeupe ulielekezwa kwenye 86 ya rilei ya taa kali, wa bluu na nyekundu kwenye 86 ya rilei ya dimu, 85 zote zikaenda ethi, na 30 zikapewa waya mpya wa milimita za mraba 4 kutoka betri.

Ndipo boksi linapoingia. Kati ya betri na boksi pana fyuzi kuu ya ampia 60, iliyofungwa karibu na betri kadiri ilivyowezekana, kwa sababu kipande cha waya kilichoko kabla ya fyuzi hakilindwi na kitu. Waya mnene wa stata umeachwa peke yake. Baada ya rilei, kila taa ina fyuzi yake: dimu kushoto, dimu kulia, kali kushoto, kali kulia. Balbu ya wati 55 kwenye volti 12 inavuta ampia 4.6, hivyo fyuzi ya ampia 10 kwa kila upande inatosha na waya wa milimita za mraba 1.5 unaibeba bila kupata joto. Ukipata shoti upande mmoja usiku kwenye mteremko, unabaki na taa ya upande wa pili. Taa ndogo zimegawanywa kushoto na kulia vilevile. Honi, waipa, indiketa pamoja na taa za breki, na geji vina nafasi zake, na nafasi zilizobaki ziko wazi.

Boksi limefungwa ndani, upande wa dereva, miguu ya nyaya ikitazama chini, na kila waya umelegezwa kidogo chini ya boksi kabla ya kupanda ili maji yakiufuata yadondoke hapo badala ya kuingia. Sikupenda kuliweka kwenye chumba cha injini kama wanavyofanya wengi, kwa kuwa joto na maji ya kuvuka mito hulifikia haraka.

Jambo moja la kuangalia sana kwa wanaohama kutoka fyuzi za kioo kwenda za bapa, zile za plastiki zenye miguu miwili bapa: namba hazisomwi kwa namna moja. Fyuzi ya Lucas iliyoandikwa 35 maana yake ni kwamba hukatika kwenye ampia 35, lakini uwezo wake wa kubeba mfululizo ni ampia 17.5. Fyuzi za bapa huandikwa kwa uwezo wa kubeba mfululizo. Anayetoa 35 ya kioo na kuweka 35 ya bapa, au hata 30 ya kijani, ameongeza kiwango karibu mara mbili kwenye waya uleule. Badala yake ni 15 ya bluu, au 20 ya njano ikiwa waya ni mzima.

Karibuni kwa maswali.

MDAU WA MOSHI

Mleta uzi, shukrani kwa maelezo ya kina. Mimi nina hoja upande wa uasilia. Gari langu lina boksi lake la Lucas na kifuniko chake, na sitaki mtu afungue boneti akute plastiki ya kisasa. Je, kuna njia ya kupata usalama huo bila kuharibu mwonekano?

MLETA UZI

Mkuu, ipo, na ninaiheshimu hoja yako ingawa kwenye gari la kazi nisingejisumbua. Boksi la Lucas libaki mahali pake na liendelee kulisha saketi zake mbili, ila ulisafishe: zile kucha za shaba zinazoshika kioo hulegea, na zikilegea huchemka hata fyuzi isipokatika. Ukiona ncha ya fyuzi imebadilika rangi au plastiki ya chini imejikunja, tatizo ni kucha. Zibane taratibu, sugua kwa karatasi laini ya msasa. Kisha fyuzi kuu na rilei za taa zifiche chini ya kiti au nyuma ya paneli, na nyaya mpya uzifunike kwa ganda la kitambaa badala ya mirija ya plastiki yenye mikunjo. Unaweza kununua nyaya zenye rangi za Lucas kutoka Uingereza. Ni ghali, lakini fundi atakayekuja baada yako atakushukuru.

MDAU WA NAKURU

Nami nina swali. Langu ni la 1966, bado lina dainamo (mtambo wa zamani wa kuzalisha umeme, kabla ya alteneta), na nimeambiwa ethi yake ni chanya, yaani chanya ya betri ndiyo inayofungwa kwenye bodi. Nilitaka kuweka boksi jipya, friji ndogo ya safari, spotilaiti mbili na redio. Nianzie wapi?

MLETA UZI

Ndugu yangu wa Nakuru, anzia kwenye hesabu. Dainamo ya Lucas C40 hutoa takriban ampia 22 ikiwa inazunguka vizuri, na injini ikiwa sailensa, yaani ikizunguka polepole bila kukanyagiwa mafuta, karibu haitoi kitu. Taa kali mbili ni ampia 10, taa ndogo na za deshibodi kama 2.5, koili ya injini (inayotengeneza cheche) kama 4, waipa kama 3. Hapo umeshafika 19.5 na hujawasha spotilaiti wala friji. Boksi la fyuzi halizalishi umeme, kwa hiyo kwako alteneta inatangulia.

Na kabla ya alteneta, kuna ethi. Gari za Series za kabla ya 1967 zilitoka kiwandani zikiwa na ethi chanya, na alteneta ya kawaida iliyotengenezwa kwa ethi hasi ikiunganishwa kinyume huua daiodi zake papo hapo. Redio nayo hali kadhalika. Kugeuza si kugumu: geuza betri, geuza nyaya mbili za koili ya injini, geuza nyaya za ampmita ili mshale usome sawa. Mota za zamani zenye koili ndani na nje huzunguka upande uleule hata ukigeuza, lakini mota yenye sumaku ya kudumu, kama feni iliyoongezwa baadaye, itazunguka kinyume. Kama utabaki na dainamo kwa muda, utalazimika kuizoesha mwelekeo mpya kwa kugusisha waya wa betri kwenye teminali F kwa nukta moja, ukiwa umetoa nyaya zake za kawaida.

Ukishaweka alteneta, tazama ampmita. Ile ya kiwandani inasoma hadi 30 kila upande na umeme wote wa gari isipokuwa wa stata unapita ndani yake. Alteneta ya ampia 45, kama ile ya Lucas aina ya 18ACR, inaweza kuichemsha, na kuichemsha ampmita maana yake ni kuchemsha waya wa kahawia usio na fyuzi nyuma ya deshibodi. Itoe kwenye njia, weka voltimita, na waya wa alteneta uende moja kwa moja hadi betri kupitia fyuzi yake, ukiwa na milimita za mraba 6 au zaidi.

MDAU WA ZANZIBAR

Assalam aleikum. Kwa sisi wa pwani hali ni tofauti na huko bara. Ukikata waya wa gari lililolala Mji Mkongwe au Mombasa miaka michache, utakuta shaba imekuwa nyeusi au kijani hadi ndani ya ganda, na solda haiishiki kabisa. Kuunganisha waya mpya kwenye kipande hicho ni kazi bure. Sisi tunafuata waya nyuma mpaka shaba ing'ae, na mara nyingi hiyo ina maana ya kutoa waya wote. Ninachotumia ni waya wa boti, ule ambao kila uzi wa shaba umepakwa bati. Bei yake ni kubwa, lakini unakaa. Teminali zote zifunikwe kwa ule mpira unaosinyaa kwa joto, wenye gundi ndani.

MLETA UZI

Wa aleikum salaam. Mchango huu ni muhimu, na unanikumbusha onyo kuhusu nyaya zinazouzwa siku hizi. Upo waya wa aluminiamu uliopakwa shaba kwa nje, na unaonekana mnene na wa bei nafuu. Kwangua uzi mmoja kwa kisu: ukikuta nje ni nyekundu na ndani nyeupe, ni aluminiamu, uache. Waya wa boti wa mdau ni kinyume chake, nje mweupe na ndani mwekundu. Waya wa nyumba, ule wenye uzi mmoja mgumu, nao haufai kwenye gari hata kama kipimo chake kinatosha, kwa sababu mtikisiko huuvunja ndani ya ganda na huoni ulipovunjikia.

FUNDI WA ARUSHA

Ninakubaliana na mengi ila niongeze mawili. La kwanza ni kuhusu solda. Vijana wengi gerejini wanaamini kiungio kilichopigwa solda ndicho imara. Solda hupanda ndani ya nyuzi na kuzifanya ngumu, halafu waya hukatika pale ugumu unapoishia, sentimita moja kutoka kwenye teminali. Kubana kwa koleo lake halisi, lile la meno linaloachia likishafika mwisho, ni bora zaidi. Koleo la kawaida la kukatia waya halibani teminali, linaiponda tu. Ukimaliza kubana, vuta kwa nguvu. Ikitoka, ilikuwa itoke barabarani.

La pili ni kwa wenye dizeli ya 2.25. Plagi zake za kupasha joto, kwa mfumo wa zamani, zimeungwa kwa mfuatano, moja ikifa zote zinakufa, na zinavuta ampia nyingi sana kwa sekunde chache. Msizipitishe kwenye boksi jipya la fyuzi za bapa. Njia yake ibaki peke yake, yenye waya mnene.

MDAU WA MOSHI

Fundi, na koili ya injini ya petroli? Nimeona wengine wanaiwekea fyuzi na wengine wanakataa.

MLETA UZI

Nijibu hapa kwa kuwa nililiwaza sana. Kiwanda hakikuiwekea, kwa hofu kwamba fyuzi ikikatika injini inazima katikati ya safari. Hofu hiyo ina msingi, ila waya mweupe unaopita pembeni ya injini yenye joto bila ulinzi nao una hatari yake. Nimeiwekea fyuzi yake peke yake ya ampia 15, haijachanganywa na kitu kingine chochote, ili waipa isije ikazima injini. Wanaokataa siwalaumu, mradi waya wao ni mpya na umefungwa mbali na bomba la moshi.

MDAU WA NAKURU

Swali la mwisho kwangu: nikishaunganisha yote, najuaje kwamba ni salama kabla ya kuingia barabarani?

FUNDI WA ARUSHA

Kabla ya kurudisha betri, toa fyuzi zote na uzime swichi zote. Unganisha chanya, na kwenye hasi weka balbu ya wati 21 kati ya nguzo ya betri na waya wake, usifunge moja kwa moja. Balbu ikiwaka kwa nguvu wakati kila kitu kimezimwa, una shoti mahali fulani kati ya betri na boksi. Isipowaka, anza kurudisha fyuzi moja moja, ukiitazama balbu kila mara. Hiyo balbu inazuia umeme mkubwa kupita, hivyo hata kama kuna kosa halitachoma kitu.

Halafu funga betri kikamilifu, washa taa kali na kila kitu kwa robo saa huku injini ikiwa inafanya kazi, kisha pitisha mkono kwenye rilei, kwenye fyuzi na kwenye kila kiungio. Uvuguvugu ni kawaida. Kiungio kinachokufanya uondoe kidole kitolewe na kibanwe upya. Rilei za bei ya chini hujulikana hapo, kwa sababu mguu wa 30 au wa 87 huwa wa moto kuliko waya ulioungwa nao.

Na siku ukirudi kufanya kazi kwenye umeme wa gari hilo, anza kwa kutoa waya wa betri unaokwenda kwenye bodi, iwe ni hasi au chanya, maana spana ikigusa bodi wakati unaufungua huo haitapiga cheche.

MLETA UZI

Ongezeko dogo kwa wote: chora mchoro wa boksi lako, andika namba ya nafasi, kazi yake, ampia na rangi ya waya, kisha ubandike ndani ya kifuniko. Fyuzi za akiba za 10, 15 na 20 ziwekwe humohumo. Volti za taa zangu sasa: upotevu upande wa chanya ni 0.2, na ethi ni ileile 0.05. Anayetaka mchoro wa nyaya za rilei aniandikie pembeni, aeleze kama taa zake ziko katikati kwenye grili au zimehamia kwenye mabawa, kwa sababu urefu wa waya hubadilika.